Biskuti Laini za Mzee Hamira

Jina la Hamira alipewa kazini, na aliyempa ni mwanamke aliyekuja kuwa mke wake. Wakati huo yeye alikuwa kijana wa tanuri katika kiwanda cha mikate, na mwanamke huyo alikuwa akifungasha mikate kwenye meza ya dirishani. Kijana huyo ukimuudhi asubuhi, hasira zilimpanda jioni. Ungeweza kumwambia neno baya wakati wa kuwasha tanuri akacheka vizuri tu, halafu mkiwa mnafagia unga sakafuni mwende nyumbani ndipo anakuja kukuuliza, "Hivi asubuhi ulisema nini?" Mfungashaji akasema huyu si mtu, huyu ni hamira, ukimtia anachukua muda wake. Watu wakacheka, jina likaganda, na hata alipostaafu na kuota mvi mpaka kwenye nyusi, hakuna aliyemwita vingine.

Pale kiwandani walikuwa na desturi moja ambayo wageni waliishangaa. Mwokaji haonji mkate wake. Waliamini kwamba mtu aliyeshinda mbele ya tanuri tangu alfajiri, pua imejaa unga na koo limekauka kwa moto, ulimi wake hauaminiki tena. Kwa hiyo mkate wa kwanza wa kila mkupuo ulimegwa kwenye meza ya kufungashia, na anayefungasha ndiye anayetoa hukumu. Mwanamke yule hakupamba maneno. Alitafuna, akatazama dari, akasema "chumvi," au "bado," au "kwani mna haraka ya kwenda wapi?" Akiridhika alisema, "Huu peleka," na siku hiyo Hamira alishinda akipiga mluzi.

Walipooana desturi ikahamia nyumbani. Chochote alichooka Hamira, kipande cha kwanza alikimega yeye akamtia mkewe mdomoni, na mtu mwingine hakugusa mpaka mama aseme. Binti yao alikua akiona hivyo, akadhani ndoa zote ndivyo zilivyo. Ungemuuliza Hamira amefanya nini duniani, angekuambia alioka na mke wake akaonja. Hakuwa na jingine la kujivunia, na wala hakulitafuta.

Kisha mke akaugua. Ugonjwa ulianzia kwenye titi. Titi likakatwa, watu wakashukuru, wakapika na kula, halafu ukaja kuibukia kwenye mifupa ya nyonga na mgongo, na safari hii daktari hakuzungumzia kukata kitu. Hospitali walimpa dawa ya maji ya kutuliza maumivu, chungu hiyo, na ilisaidia ilipokuwepo. Mara nyingine haikuwepo. Hata ilipokuwepo ilimfunga choo na kumchafua moyo, akawa anatapika uji, anatapika maji, anatapika na hewa. Mwanamke aliyekuwa na mwili wa kujaza mlango akawa mwepesi hivi kwamba Hamira alimbeba peke yake mpaka bafuni. Magunia ya unga aliyoyabeba ujanani hayakuwahi kumtisha, lakini wepesi ule ulimtisha.

Aliendelea kuoka. Aliona akiacha atakuwa amekubali. Kila asubuhi alimega kipande akampelekea kitandani, naye mama wa watu akakipokea kwa adabu, akakitafuna kidogo, akakitema kwenye kitambaa akidhani mumewe haoni.

"Ulimi umekufa, mzee wangu," alimwambia siku moja. "Usiniletee tena. Nitaanza kukudanganya, na mimi sijawahi kukudanganya kuhusu mkate."

Aliyemletea Hamira habari ya biskuti alikuwa dereva mstaafu, yule aliyekuwa akileta unga kiwandani enzi zao. Alikuja kumjulia hali mgonjwa, akakaa kidogo chumbani, kisha wakatoka wawili wakasimama uani penye kamba ya nguo.

"Shemeji analala?"

"Halali."

"Anakula?"

"Hali."

Dereva akakuna shingo. "Sasa nakuambia kitu. Ukikasirika najua utakasirika kesho, kwa hiyo leo nisikilize. Unaona haya magoti yangu? Yalikuwa hayapandi hata ngazi. Sasa napanda. Sivuti, mimi kifua changu hakitaki moshi. Nakula. Majani yanapikwa kwenye siagi, yanachujwa, siagi unaitia kwenye biskuti. Kuna dada yangu alikuwa anatapika kwa zile dawa za saratani, ikamrudishia chakula."

"Majani gani?"

"Hamira, wewe ni mtu mzima."

Hamira akatazama dirisha la chumbani. Akasema, "Neno hilo kwenye nyumba hii halitajwi."

Halikutajwa kwa sababu ya mdogo wa kiume wa mkewe. Kijana yule alianza kuvuta bangi akiwa shuleni. Wenzake walivuta naye kijiwe kimoja na leo wana kazi zao na watoto wao, lakini yeye ilimchukua akili, akawa anasikia watu wakimsema ndani ya ukuta. Dada yake ndiye aliyemtunza. Alimwogesha, alimkata kucha, alimtafuta mitaroni, mpaka siku walipomleta amefunikwa shuka. Tangu hapo ukitaja bangi mbele yake, hata kwa utani, anainuka na kuondoka.

"Najua," alisema dereva. "Ndiyo maana nimekutoa nje. Na kama utafanya, shika hili moja. Ya kuvuta inakuja upesi na kuondoka upesi. Ya kula inapita tumboni, inachelewa, inaweza kuchukua saa moja, mbili, wewe umekaa tu unaona kimya. Usiongeze. Watu wanaona kimya wanaongeza, halafu inakuja yote kwa pamoja, na ikija inakaa mpaka kesho. Nusu biskuti, unasubiri. Basi."

Hamira alimsindikiza mpaka barabarani. Aliwaza siku kadhaa, kama ilivyo kawaida yake. Kisha ikaja wiki ambayo dawa ya maji iliisha hospitali na mkewe akalia mchana kutwa akiwa ameng'ata ncha ya shuka, na ilipofika jioni Hamira alikuwa ameshakwenda kwa dereva na kurudi na majani. Hapo mtu angetamani kumshika shati na kumwambia, ingia chumbani kwanza umwambie mwenyewe, mwili ni wake. Yeye alijiambia atasema baadaye, mgonjwa akishapata nafuu. Aliogopa kuambiwa hapana, akajifanya hajui kwamba anaogopa.

Kesho yake asubuhi, kwa mara ya kwanza, aliyapika majani kwenye siagi, akaichuja ikiwa imeyeyuka, akaichanganya na unga na sukari mpaka ikaenea sawasawa, akazitoa biskuti ngumu, za rangi moja, akamega nusu na kumtia mkewe mdomoni. "Biskuti tu," alisema. "Nimeziongezea tangawizi kwa ajili ya kichefuchefu." Tangawizi ilikuwamo kweli. Alisubiri pembeni ya kitanda. Muda ukapita, kimya. Ukapita tena. Kisha mkewe akapumua pumzi ndefu, uso ukalegea, akalala. Alipoamka jua bado lilikuwa ukutani. Akanusa.

"Unapika nini?" aliuliza. "Nina njaa."

Hamira alimpikia uji, akamtazama akiumaliza, kisha akaenda uani akajiinamia penye kamba ya nguo na kulia.

Wiki zile zilikuwa nzuri, na hakuna haja ya kusema uongo kwamba hazikuwa nzuri. Mama alilala. Alikula, alicheka, alianza kutukana redio. Maumivu hayakwenda popote, lakini mwenyewe alisema anayasikia kama majirani wanaogombana, kelele zipo ila si za kwake. Mdomo ulimkauka, macho yalikuwa mekundu, na akiinuka ghafla alipata kizunguzungu mpaka ashike ukuta, na kila alipouliza Hamira alimwambia ni udhaifu, utaisha. Asubuhi moja alipewa kipande cha mkate, akatafuna, akatazama dari. Hamira akangoja.

"Chumvi," alisema mkewe.

Hamira akakaa kwenye ukingo wa kitanda, furaha imemjaa.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakulitegemea. Mkewe hakujua kwa nini ana nafuu, kwa hiyo aliitafutia sababu mwenyewe, na sababu aliyoipata ni ile ambayo kila mgonjwa angeipenda. "Nyie," alimwambia binti yao, "ugonjwa unaondoka. Mimi naujua mwili wangu, unaondoka." Akaanza kutembea kwa fimbo mpaka jikoni. Akapima dirisha kwa mikono yake akisema mapazia haya ameyachoka, akipona kabisa atashona mengine. Akamwambia nesi wa kliniki kwamba ile dawa chungu wawape wengine wenye shida. Kila Hamira alipofungua kinywa ili aseme, alimkuta anacheka. Akakifunga. Akawa mtu wa kufungua na kufunga kinywa siku nzima, hata binti akamuuliza kama jino linamsumbua.

Vidonda vikamtoka mkewe mdomoni, vile vidogo vinavyowaka ukivigusa. Biskuti zikamchoma fizi.

"Mzee wangu, mkate unaujua," alisema. "Biskuti hujui. Hizi ni matofali."

Ulikuwa utani, ila ulimwingia Hamira mahali pake. Alifikiria siku nzima namna ya kumtengenezea biskuti laini. Akamkumbuka fundi wa biskuti wa kule kiwandani, aliyekuwa akiwafukuza watu wa mkate mezani kwake kwa mwiko. Biskuti haikandwi, alikuwa akisema yule. Ukiikanda inakuwa ngumu. Siagi iwe ya baridi, uisugue kwenye unga kwa ncha za vidole, uache mabonge madogo madogo, usiyasumbue, hayo ndiyo yanayoifanya ivunjike yenyewe mdomoni. Hamira akafanya hivyo hivyo. Mikono iliyozoea kukanda mkate kwa miaka yote ile aliizuia isikande, akagusa unga kwa huruma, akaacha mabonge.

Na fundi yule hakukosea. Biskuti zilitoka laini, zinavunjika kwa kuguswa. Lakini siagi ilibaki katika mabonge, na kilichokuwamo ndani ya siagi kilibaki pamoja nayo. Biskuti moja ilikuwa unga na sukari tu. Iliyolala jirani yake ilikuwa imebeba dawa ya siku nyingi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na kwa ulimi Hamira hakuwahi kuonja, maana mwokaji haonji.

Alimpa mkewe nusu baada ya chai. Wakasubiri. Kimya. Jua likapanda, nyonga ikaanza kuuma, mkewe akaanza kujigeuza kitandani. Hamira alilikumbuka neno la dereva, lakini alijiambia majani ya safari hii hayana nguvu, akampa nusu nyingine. Muda huohuo binti akapiga simu kutoka kazini: dawa ya maji imefika hospitali, baba uwahi kwenye foleni kabla haijaisha. Siku zote Hamira alizifungia biskuti kwenye kopo juu ya kabati. Siku hiyo hakuweza. Biskuti laini ukiiinua kwenye trei ikiwa bado ya moto inasambaratika, na alikuwa ameoka trei nyingine muda si mrefu. Akaiacha mezani jikoni ipoe, akatoka.

Foleni ilikuwa ya kawaida, hakukawia sana. Aliporudi alimkuta mkewe amekaa jikoni kwenye kiti, fimbo imeegemezwa mezani, amejifunga kitambaa cha kichwa vizuri kama mtu anayetegemea wageni. Trei ilikuwa mbele yake. Imebaki chengachenga na biskuti za pembeni zilizoungua kidogo.

"Nimetembea mwenyewe mpaka hapa," alisema mkewe kwa majivuno. "Hizi peleka, mzee wangu. Peleka kabisa. Nimekula mpaka nimeona aibu."

Hizo zilikuwa biskuti bora kuliko zote alizowahi kumwokea, naye alizila kwa sababu alikuwa na njaa, na kwa sababu alitaka mumewe akirudi akute amekula.

Hamira alisimama na chupa ya dawa mkononi. Angeweza kumbeba pale pale na kumpeleka hospitali, alikotoka yeye muda huohuo. Badala yake alimwangalia. Alijiambia labda zilikuwa zile zisizo na kitu. Akamwomba arudi kitandani, akamtandikia, akakaa karibu yake na kumshika mkono, na mkewe akafurahi kushikwa mkono mchana wote bila sababu.

Ilipokuja haikuja taratibu. Mkewe alinyamaza katikati ya sentensi. Akautazama mkono wake ulioshikwa kana kwamba si wake. Jasho likamtoka, moyo ukawa unamkimbia mpaka Hamira akauona ukirukaruka shingoni. "Nani amezima taa?" aliuliza, na jua lilikuwa limejaa chumbani. Kisha akageuka akamwona mumewe, na Hamira akaona jambo ambalo hakuwa amewahi kuliona katika uso ule: hofu, na hofu yenyewe ni ya kumwogopa yeye. Alijivuta ukutani. Akaanza kuzungumza na mtu mlangoni. Alipojaribu kushuka kitandani miguu haikumtii, akaanguka na ile nyonga mbovu chini.

Jirani mwenye gari aliwapeleka. Binti aliwakuta wodini, bado ana sare ya kazi. Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke kijana, mpole, macho yamechoka.

"Mzee, leo amekula nini?"

"Biskuti."

"Za namna gani?"

"Za kawaida."

Daktari akamwinamia mgonjwa, akammulika machoni, akasikiliza kifua. "Nina wasiwasi na kiharusi," alisema. "Atapigwa picha ya kichwa. Na moyo unakwenda mbio mno, nataka kumpa kitu cha kumtuliza. Lakini lazima nijue kama kuna kingine anachotumia. Dawa hizi zikikutana na nyingine vibaya, anaweza kushindwa kupumua."

Hamira akakitazama kitanda. Mkewe alikuwa amelala macho wazi.

"Baba," alisema binti.

Akasema. Alisema kwa sauti ya chini, akalitaja lile neno ambalo ndani ya nyumba yake halikutajwa, na mkewe akageuza kichwa polepole kwenye mto upande wa sauti.

Daktari hakumfokea, na pengine angemfokea ingekuwa nafuu. Alimwambia angependa kuambiwa hayo mlangoni. Alimwambia si kwamba majani yale hayasaidii kitu. Ziko nchi ambazo wagonjwa kama huyu hupewa kwa kipimo, kidogo sana, wakati daktari anajua, na wapo wanaoacha kutapika na kupata hamu ya kula. Ila saratani haiondolewi nayo. Na ya kupikwa jikoni haina kipimo, inachelewa, ikifika inachanganya akili, inakimbiza moyo, na mtu dhaifu anaanguka kama alivyoanguka huyu, na ikikutana na ile dawa ya maji usingizi unakuwa mzito wa hatari.

"Yeye mwenyewe alikuwa anajua anachokula?" aliuliza.

"Hakujua."

Daktari akaacha kuandika. Kisha akaendelea. Hakuwaita polisi, na Hamira angewafuata kwa hiari yake kama wangekuja, maana polisi huuliza, huandika, na mwisho hukufungia mlango. Hapa alibaki amekaa kwenye benchi na binti yake, na binti hakumtazama.

Haikumuua. Ilimtoka polepole, na siku ya pili mchana mkewe alikuwa na akili zake zote. Alimwomba binti atoke kidogo. Akamwambia mumewe avute kiti, lakini asimshike.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ulipomaliza uji."

Mkewe akawa anahesabu moyoni. Hamira aliona anavyoirudia kila siku moja moja, uji, redio, mapazia, na kuiweka pembeni.

"Kwa hiyo zile siku nilizoona napona," alisema, "sikuwa napona."

Hamira alifungua kinywa. Safari hii ilibidi kitoke kitu. "Hapana," alisema.

"Nilimwona mdogo wangu. Alikuwa amesimama mlangoni pale nyumbani. Akaniambia, dada, kumbe na wewe umekuja." Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Wewe ulinisaidia kumwogesha yule mtoto. Ulikuwa unashika ndoo. Ulijua."

"Ulikuwa unaumia. Nilishindwa kukutazama."

"Mimi ndiye niliyekuwa naumia," alisema mkewe. "Ungeniuliza."

Inawezekana angekubali. Hilo ndilo lililomla Hamira baadaye kuliko mengine yote. Mtu aliye na maumivu yale, akielezwa vizuri na mumewe anayempenda, inawezekana angelia kidogo, akamtaja mdogo wake, kisha akasema haya, lete, lakini kidogo. Hatajua tena. Daktari alipokuja kuwaeleza kwamba ziko njia za wazi za kujaribu kumpunguzia kichefuchefu, mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akasema hataki chochote asichokijua, na siku hizi hakuna anachokijua.

Walimrudisha nyumbani. Nyonga ilikuwa imepata ufa, hakuinuka tena. Dawa ya maji ilikuwepo wiki hii, wiki ile haipo. Alikula uji alioupika binti, akiuona unapikwa, kitanda kikiwa kimesogezwa mpaka mlango wa jikoni uonekane. Hamira alioka mkate wa kawaida, wa chumvi na maji na unga, akamega kipande cha kwanza akampelekea.

Mkewe alikitazama. "Onja kwanza," alisema.

Akaonja. Alitafuna mbele ya mkewe huku machozi yakimtiririka, na mkewe akaukazia macho uso wake, akingoja aone kama kuna kitakachotokea. Kilipomezwa, alisema hana njaa. Ikawa hivyo asubuhi iliyofuata na nyingine baada yake. Kisha Hamira akaacha kuoka mle ndani, na tanuri dogo la jikoni likawa mahali pa kuwekea sufuria.

Mama alikula kidogo kidogo, na kila siku kidogo zaidi. Binti alimnunulia mikate ya dukani, ile ya kiwanda chao cha zamani, imefungwa kwenye mfuko wenye chapa. Mkewe aliupapasa mfuko, akahakikisha haujafunguliwa, akala vijipande viwili vitatu, akasema siku hizi kule kiwandani wanakimbizana, mkate haujaiva moyoni.

Hamira alilisikia hilo kutoka sebuleni. Lilichukua muda wake, kama kila kitu kwake. Alfajiri ya siku iliyofuata alivaa koti akaenda kiwandani. Waokaji wa sasa ni vijana, lakini wanamjua, walimwamkia shikamoo wakampisha mezani. Aliomba kona ya tanuri na kiasi cha unga. Alikanda kwa muda ambao mashine yao haina, akaacha unga uumuke mpaka uwe tayari, akauchoma, akaupoza. Kisha akawaomba mfuko. Wakaufunga kwa mashine, kama mikate mingine yote, akaubeba chini ya koti mpaka nyumbani.

Alimpa binti mlangoni. Binti akautazama mfuko, akamtazama baba yake, akaelewa.

"Baba, tena?"

"Ni unga na chumvi," alisema. "Naapa. Kilichofichwa humo ni mimi tu."

Binti aliugeuza mfuko ule, akaangalia ulivyofungwa. Kisha akaingia nao. Hamira akabaki ukumbini, nyuma ya mlango uliorudishwa nusu. Alimsikia mkewe akipapasa nailoni, akisikiliza inavyopasuka. Alisikia kipande kikimegwa. Halafu kimya cha kutafuna, na Hamira alijua kwamba mkewe anatazama dari.

"Mama?" aliuliza binti.

"Huu peleka," alisema mkewe.

Alikula kipande kingine. Alikula zaidi ya alivyokula wiki nzima, taratibu, akipumzika katikati kwa ajili ya vidonda. Kisha akamwambia binti yake, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za zamani:

"Wamepata mtu mzuri pale. Nilikuwa na mume akioka hivi. Ungemjua, ungempenda."

Hamira hakuingia. Aliiachia fremu ya mlango, akaenda jikoni kwa nyayo za polepole ili asisikike. Kesho yake alfajiri alirudi kiwandani, akanawa mikono, na kabla hajagusa unga akawaomba wamwekee mfuko.